Mwaka wa Mkorofi

Chumba namba saba hakikuwa na dirisha hata moja. Kilikuwa mwisho wa korido ya chini, nyuma ya milango miwili iliyofuatana, na kati ya milango hiyo palikuwa na nafasi ya mtu mmoja na ndoo yake. Ukiingia, ulifunga wa kwanza ndipo ukafungua wa pili, ili mwanga wa nje usipenye. Ndani, taa ziliwaka zenyewe saa kumi na mbili asubuhi na kuzimika saa kumi na mbili jioni, siku zote, bila kukosea hata dakika. Joto halikupanda wala kushuka. Chakula kilikuwa kilekile. Ndege kumi na mmoja waliokaa humo, kila mmoja kwenye kizimba chake, hawakuwahi kuona mvua wala kiangazi tangu watoke kwenye yai.

Mtu waliyemzoea alikuwa mmoja tu, naye ni Shangazi.

Hakuwa shangazi wa mtu yeyote pale kituoni. Jina alilipata siku yake ya kwanza kazini, alipomkuta fundi umeme juu ya ngazi na kumwambia, "Mwanangu, hebu shuka ufunge kamba za viatu kwanza, ndiyo urudi huko juu ukafe vizuri." Fundi umeme alicheka hadi akashuka kweli, na tangu siku hiyo, kuanzia mkurugenzi mpaka mlinzi wa getini, kila mtu alimwita Shangazi. Alikuwa na miaka hamsini na minne, mfupi, mwepesi wa miguu, mwenye ulimi usiojua likizo.

Barua yake ya ajira ilitaja kazi tatu: kulisha, kufagia, kupima uzito. Mengine aliyaongeza mwenyewe. Ndege walivishwa pete za namba miguuni, lakini Shangazi hakuona adabu kumwita kiumbe namba. Namba tatu akawa Balozi, kwa jinsi alivyogeuza shingo taratibu kama mtu anayesikiliza hotuba ndefu. Namba nane akawa Bibi Harusi, maana hakugusa chakula mpaka ahakikishe hakuna anayemtazama. Namba kumi na moja alikuwa Mkorofi. Huyu mwili wake wote haukuzidi gramu kumi na tano, na haikupita asubuhi akawekwa kwenye mzani bila kumdonoa Shangazi kidole.

"Nidonoe tu," Shangazi alikuwa akimwambia. "Na funza leo utapata yule mwembamba."

Aliyewaweka ndege hao chumbani ni profesa mmoja mzee aliyekuwa na swali moja tu kichwani. Ndege wa aina ile, wakiwa huko nje, hupukutisha manyoya yao yote mara moja kwa mwaka na kuota mapya, kila mwaka majira yaleyale. Je, wanajua wakati umefika kwa kutazama mvua na urefu wa siku, au wanazo hesabu zao humo mwilini? Njia ya kujua ni kuwanyima vyote vya kutazama, halafu kusubiri. Walisubiri miaka minne. Kisha Profesa akafikisha umri wa kustaafu, akafunga virago, na nafasi yake ikashikwa na Daktari.

Daktari alikuwa kijana wa miaka thelathini na mbili, mwenye miwani na haraka. Hakuwa mtu mbaya. Alisalimia watu, alikunywa chai na mafundi, na alikuwa na tabia ya kujisemesha akitembea. Ila alipofungua rekodi za miaka minne na kuzichora kwenye kompyuta, alichokiona kilimkata maini. Palikuwa na ndege waliopukutisha mwezi wa kumi, wengine wa nane, wengine wa nne, wengine wa kwanza. Hapakuwa na mwezi usio na manyoya, na hapakuwa na mwezi wenye manyoya zaidi ya mwingine. Mchoro mzima ulikuwa uji.

Wiki ya pili ya mwezi wa kwanza akamwita Shangazi ofisini.

"Shangazi, naomba unieleze ukweli, na sitakasirika. Ule mlango wa pili, hutokea ukaufungua kabla wa kwanza haujafungwa?"

"Hapana."

"Hata siku moja? Labda umebeba ndoo, mikono imejaa."

"Nikiwa nimejaza mikono naufunga kwa kisigino, Daktari. Njoo utazame, pana alama."

Daktari akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Unajua, kama wana saa ndani yao, wangepukutisha kila baada ya miezi kumi na miwili. Kama hawana, wasingepukutisha kwa mpango wowote, au wasingepukutisha kabisa. Lakini hawa wanapukutisha vizuri, ila ovyo ovyo. Kuna kitu kinawavuruga. Mwanga unaingia mahali."

"Na wa kuuingiza ni mimi."

"Sijasema hivyo."

"Hujasema, lakini nimesikia."

Fundi umeme aliitwa. Alizima taa za chumba namba saba, akajifungia humo akiwa amekaa juu ya ndoo iliyofunikwa, akatazama kila pembe kwa saa nzima. Alipotoka alikuwa akipepesa macho kama mtoto mchanga. "Daktari, humo giza ni giza. Vidole vyangu mwenyewe sikuviona, na Mkorofi alinitukana muda wote." Hata hivyo Daktari hakuridhika. Aliandika kwamba chumba kitafungwa mwisho wa mwezi wa tatu, na ndege watahamishiwa kwenye banda la nje wakaishi kama ndege wengine.

Ijumaa ile Shangazi alirudi nyumbani amenuna. Mumewe alikuwa fundi cherehani, na sebule yao ndiyo iliyokuwa duka: cherehani mlangoni, meza ndefu ya kukatia katikati, na makochi yamesukumwa ukutani kama wageni wasiotakiwa. Alikuwa akipiga pasi kola ya shati. Alimwangalia mkewe mara moja tu, akaiweka pasi kando.

"Nani kakuudhi, Mama Watoto?"

Akamweleza yote. Alipofika kwenye mlango na kisigino, akaketi kochini bila kuvua viatu. Miaka minne hakuwahi kukosa siku, hata ile wiki ya homa alikwenda amejifunga kanga mbili, na leo anaambiwa, kwa adabu na kwa miwani, kwamba ndiye aliyeharibu.

Mumewe alifikiri kidogo. "Na yale manyoya yako?"

Manyoya yalikuwa kichekesho cha nyumba. Mwaka ule Shangazi alipoanza kazi, mumewe alikuwa analalamika shingo, akamwahidi kwamba atamkusanyia manyoya laini ya kutosha kujaza mto. Hakujua ndege wa gramu kumi na tano ana manyoya kiasi gani. Mwaka ulipokwisha walichokusanya hakikutosha kulaza panya. Mumewe alipiga hesabu akamwambia mto utakuwa tayari atakapokuwa na miaka tisini na saba. Lakini Shangazi akishaanza jambo haliachi. Kila alipofagia chini ya kizimba aliokota, akatia kwenye bahasha, akaandika juu tarehe na jina la mwenyewe. Kwa nini kila ndege na bahasha zake, hakuna aliyewahi kumuuliza. Angeulizwa angesema ya Mkorofi hayawezi kulazwa pamoja na ya wastaarabu.

Bahasha zilikuwa kwenye sanduku la viatu juu ya kabati. Mumewe alilishusha, akapuliza vumbi.

"Tuzipange tu tuone," alisema. "Mimi kitu nisichokielewa nakitandaza mezani."

Jumamosi walianza mara tu baada ya kifungua kinywa. Fundi alitandaza kitambaa cheupe cha mita mbili na nusu, cha bitana, kilichobaki kwenye kazi ya mteja. Kwa chaki na rula ndefu akachora mistari kumi na mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho, mmoja kwa kila ndege. "Sentimita moja, wiki moja," alisema. "Miaka minne inaingia." Shangazi akawa anachambua bahasha na kusoma tarehe ambayo unyoya wa kwanza wa kila msimu ulianguka, naye mumewe anahesabu wiki na kuchomeka pini.

"Mkorofi. Mwezi wa kumi, tarehe kumi."

Pini.

"Mwaka wake wa pili. Mwezi wa nane, kumi na nne."

Pini.

"Mwezi wa sita, kumi na nane. Halafu mwezi wa nne, ishirini na mbili." Shangazi akakunja uso. "Mwone anavyorukaruka. Wa kumi, wa nane, wa sita, wa nne. Ndiyo maana Daktari amechanganyikiwa."

Mumewe alikuwa ameinama, futi kamba ikining'inia shingoni kama kawaida, anatazama zile pini nne kwa jicho moja kama anavyotazama pindo la suruali. Akaivuta futi, akaiweka kati ya pini ya kwanza na ya pili.

"Arobaini na nne," alisema. Akaisogeza. "Arobaini na nne." Akaisogeza tena. "Arobaini na nne. Mama Watoto, huyu harukiruki. Huyu ana kipimo."

"Kipimo gani?"

"Mwaka wake. Mwaka wake ni wiki arobaini na nne. Sisi wetu ni hamsini na mbili, wake ni mfupi, basi. Kila akimaliza mwaka wake anatuacha nyuma kidogo, ndiyo maana kwenye kalenda yetu anaonekana anarudi nyuma. Nipe huyo Bibi Harusi."

Bibi Harusi alitoka arobaini na sita, arobaini na sita, arobaini na tano. Balozi alitoka arobaini na mbili mara zote. Walipomaliza ndege wa kumi na mmoja ilikuwa saa nane mchana, chai imepoa bila kunywewa, na wateja wawili walikuwa wamesimama mlangoni wakitazama pini kama wanatazama mpira. Hapakuwa na ndege hata mmoja aliyekuwa ovyo. Kila mmoja alikuwa na mwaka wake, na hakuna miaka iliyolingana kabisa.

"Kama wateja wangu," alisema Fundi. "Viuno kumi na kimoja, vipimo kumi na kimoja. Sasa wewe chukua viuno vyote uvichanganye halafu utafute suruali moja ya kuwatosha. Utaona uji."

Shangazi alimkumbatia mbele ya wateja, jambo ambalo halikuwahi kutokea dukani humo.

Jumatatu aliingia ofisini kwa Daktari na kitambaa kimeviringishwa kwenye bomba la kadibodi. Hakusalimia sana. Alisogeza kiti, akakitandaza kitambaa sakafuni kutoka mlangoni hadi chini ya dirisha, akamkabidhi futi kamba.

"Pima mwenyewe."

Daktari alipiga magoti. Alipima mstari wa kwanza, akaurudia. Alipima wa pili, akaanza kujisemesha. Kufikia wa tano alikuwa ametambaa hadi chini ya meza, soli za viatu ndizo zinaonekana, na kutoka huko chini ikasikika sauti: "Lo! Lo, lo, lo!" Aliinuka ghafla akajigonga kichwa, wala hakujali.

"Niliwachanganya," alisema. "Niliwachora wote pamoja, tena juu ya kalenda ya ukutani. Nilikuwa nawapima kwa mwaka wetu. Shangazi, hakuna mwanga unaoingia! Kama mwanga ungeingia, wote wangefuata mwaka wa nje. Hawa hawafuati kitu. Wanakwenda wenyewe!"

"Nilikwambia mlango naufunga."

Daktari akatulia. Alikaa palepale sakafuni, miwani imepinda, akamtazama usoni. "Ulinambia. Nikakutilia shaka wakati kosa lilikuwa la kwangu. Nisamehe, Shangazi."

"Nimekusamehe. Inuka, suruali itachafuka." Lakini alikuwa anatabasamu, na moyo wake ulikuwa umemshuka kama mzigo uliotuliwa. Akavuta kiti akaketi. "Sasa nieleze na mimi. Huko nje mbona hawapotei? Mbona wa nje wanapukutisha majira yaleyale kila mwaka?"

"Wa nje husahihishwa. Siku zikirefuka au kufupika kidogo tu, macho na ubongo wao hutambua, na mwili unajirekebisha. Wa ndani anaye mhesabuji huyohuyo wa mwaka mwilini, ila hana wa kumsahihisha."

"Na huyo mhesabuji yuko wapi? Kichwani? Kwenye damu?"

Daktari alicheka. "Hapo ndipo tulipokwama watu wa fani hii. Saa ya siku moja tunaifahamu kidogo. Ya mwaka mzima inakaa wapi na inahesabu nini, ukinipatia jibu nitakubebea ndoo mpaka nistaafu."

Kisha akakumbuka jambo, akawa mzito tena. Yaliyopita, alisema, mtu anaweza kudai yamelingana kwa bahati. Njia ya kuwafunga watu midomo ni kutamka kabla jambo halijatokea. Wakapima pamoja kutoka pini ya mwisho ya Mkorofi, arobaini na nne mbele. Ikaangukia wiki ya mwisho ya mwezi wa pili. Daktari aliandika kwenye karatasi, akatia sahihi, Shangazi naye akatia sahihi, na mkurugenzi akagonga mhuri huku akiuliza kama kweli anagongea ndege.

Habari zikaenea kituo kizima. Mlinzi wa getini aliacha kuuliza "Habari za asubuhi" akawa anauliza "Bado?" Mhasibu, ambaye hakuwahi kushuka korido ya chini, alishuka mara mbili akijidai anatafuta choo. Fundi umeme alikagua taa bila kuitwa. Wiki yenyewe ilipoingia, Mkorofi alikuwa amenenepa, anang'aa, kila unyoya mahali pake, hana habari na mtu.

Jumatatu, hakuna. Jumanne, hakuna. Jumatano Daktari hakula mchana. Alizunguka korido akijisemesha hadi Shangazi akamwambia akakae mahali, anawatia ndege kiwewe kwa nyayo.

"Na asipopukutisha, Shangazi?"

"Basi tutakuwa tumejua kitu kingine. Nenda kale."

Alisema hivyo kwa macho makavu, lakini alipofika nyumbani alitia chumvi kwenye chai.

Alhamisi asubuhi aliingia chumba namba saba kama siku zote. Alimimina maji, akagawa funza, akaanza kufagia kutoka upande wa Balozi. Alifika chini ya kizimba cha mwisho. Pale sakafuni, juu ya karatasi nyeupe, palikuwa na unyoya mmoja wa bawa, wa kahawia, si mrefu kuliko kidole gumba. Alitazama juu. Mkorofi alikuwa ameinamisha kichwa upande, bawa la kulia lina pengo dogo, anamtazama kwa dharau ileile.

Shangazi aliufunika mdomo kwa viganja viwili ili asipige kelele mbele ya ndege. Akauokota unyoya, akautia kwenye bahasha, akaandika. Akatoka mlango wa ndani, akaufunga. Akasimama kwenye ile nafasi ya katikati, gizani, mpaka akausikia ukibana. Ndipo akafungua mlango wa nje, akaufunga, na sasa akakimbia. Alikimbia korido nzima na ufagio mkononi, na sauti aliyoitoa ilimfanya mlinzi aache geti wazi.

"Umetoka! Mkorofi katoa! Katoa!"

Daktari alitokea ofisini na soksi bila viatu. Alipoiona bahasha aliichungulia ndani mara moja. Alimshika Shangazi mikono yote miwili wakazunguka pale koridoni kama watoto wanaocheza mduara, ufagio ukianguka, mkurugenzi akichungulia, fundi umeme akipiga makofi, mhasibu akiuliza, "Bawa lipi? La kulia?" kama mtu aliyekuwa akifuatilia miaka yote.

Chumba namba saba hakikufungwa. Kiliongezewa miaka mitano, na mzani mpya. Bibi Harusi alifuata mwezi wa nne, wiki ileile aliyoandikiwa, baada ya chakula na bila kushuhudiwa. Katikati ya mwaka walikuja wageni wa fani, watu thelathini na wawili, wakakaa ukumbini kusikiliza. Daktari alizungumza nusu ya kwanza, kisha akamwita Shangazi mbele, na kitambaa kikaning'inizwa ukutani na pini zake zote. Fundi alikaa safu ya nyuma amevaa suti aliyojishonea mwenyewe, akisahihisha kimoyomoyo makoti ya wageni.

Shangazi aliongea dakika kumi. Hakutumia neno gumu hata moja. Alipomaliza, bibi mmoja mwenye mvi, mgeni wa heshima, alinyoosha mkono.

"Na binadamu je? Unadhani nasi tuna mwaka wetu humo ndani?"

Shangazi alifikiri. "Siwezi kusema, mama. Binadamu sijawafagia."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko, na bibi mwenye mvi ndiye aliyecheka kuliko wote. Wengine walikuwa bado wanapiga makofi Shangazi alipotazama saa ya ukutani, akaomba radhi, akashuka. Muda wa kulisha ulikuwa umefika. Chini ya ngazi alimkuta mumewe anamsubiri.

"Nami nataka kuwaona," alisema. "Miaka yote hii nawasikia tu."

Daktari alikuwa amemruhusu. Shangazi akampa koti jeupe, ambalo lilimbana mabegani akalilaumu, kisha wakajibanza wote wawili kwenye ile nafasi ya mtu mmoja na ndoo, tumbo kwa mgongo, wakijizuia kucheka. Mlango wa kwanza ukabana nyuma yao. Wa pili ukafunguka.

Balozi alikuwa anaimba. Alikuwa katika siku zake za uchumba, siku alizojihesabia mwenyewe bila kuambiwa na mtu, amesimama wima juu ya kijiti, koo limevimba, sauti nyembamba ikijaa chumba kizima. Fundi alisimama mdomo wazi. Baada ya muda akakunja midomo, akampigia mluzi wa kumjibu.

"Wee!" Shangazi alimpiga kofi la bega. "Usimvurugie mwenzio."

Fundi akanyamaza, akapewa kopo la funza alishike, na kazi ya mchana ikaanza.